Multipo sklerosisi: picha za ubongo na vipimo vya kumbukumbu

Katika multipo sklerosisi, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo, na kuacha makovu. Ubongo unaweza kupigwa picha kwa skana ya CT. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg (1924), aliweka msingi wa kihisabati wa skana hiyo, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Godfrey Hounsfield. Hata hivyo, makovu mengi ya ugonjwa huu hayaonekani kwenye CT. Skana ya MRI ndiyo huyafichua. Usahaulifu unaoletwa na ugonjwa huu hulingana zaidi na kusinyaa kwa ubongo, hasa thalamasi, kuliko wingi wa makovu. Kumbukumbu hupimwa kwa kumsomea mgonjwa orodha ya maneno ayarudie. Kasi ya fikra hupimwa kwa kuoanisha alama na tarakimu ndani ya sekunde 90. Ni lazima orodha isomwe kwa lugha ya mgonjwa: mzungumzaji wa Kizulu wa Soweto akipimwa kwa Kiingereza, matokeo yake yanaweza kushuka bila kumbukumbu kuwa na kasoro.