Deni la nani? Hasira na kisasi kwa Wamanobo wa Mindanao

Mtu akishindwa kumpiga aliyemwonea, anarudi nyumbani kumpiga mtoto. Maneno hayo yapo hata katika historia ya makabila. Tuangalie Wamanobo, wenyeji wa milima ya kisiwa cha Mindanao, kule Ufilipino.

John Garvan, aliyekaa kati yao mwanzoni mwa karne ya 20 na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1931, anaonyesha kama ugomvi mwingi ulianzia kwenye deni. Deni lenyewe lilikuwa la jamaa nzima. Mdai aliposhindwa kumpata mdeni, aliweza kukamata mali ya ndugu yake, hata ya mtu asiyehusika, ili huyu naye aende kumsumbua mdeni. Damu ilifuata njia ile ile: mwuaji akikimbia, mkuki ulimwangukia ndugu yake.

Tusiseme haraka kwamba huo ni ushenzi. Polisi hawakuwepo. Kila mzee alijua kama kosa la kijana mmoja litalipwa na wote, kwa hiyo aliwazuia vijana wake. Tena datu, yaani mkubwa wao, aliweza kukutanisha pande mbili: wakahesabu wafu, wakapanga malipo, wakala pamoja. Lakini ubaya ulibaki palepale. Kabla ya kikao, asiye na kosa amekwisha kufa, na jamaa yake nao wanaanza hesabu yao.

Baadaye zikaja kampuni za miti na za madini. Katika miaka ya 1990, Wamanobo wa Talaingod walitangaza pangayaw, vita vyao vya zamani, juu ya ukataji wa misitu yao. Hapo hasira ilimjua mdeni wake. Kwingine ilipotea. Tarehe 1 Septemba 2015, huko Lianga, viongozi wawili wa wenyeji na mkubwa wa shule yao waliuawa, na maelfu ya watu wakakimbia. Kikundi kilichoshtakiwa kilikuwa cha wenyeji wenyewe, na kilijiita Magahat-Bagani. Bagani ni jina la shujaa wa zamani, mlinzi wa kijiji! Safari hii kijiji kilimkimbia.

Sisi tunaofundisha vijana tunaona somo moja hapa. Wazee walikosea kumlipisha asiye na deni, lakini walijua kukaa na kuhesabu. Aliyeshika silaha bila kuuliza deni ni la nani, ameacha hekima yao na kubeba kosa lao tu.