Kuziba dosari za seva za barua pepe: Mbio za fundi na mdukuzi

SEVA ya barua pepe ni mfano wa karani wa posta asiyefunga dirisha usiku wala mchana. Kazi yake ni kupokea bahasha kutoka kwa yeyote aliye popote duniani, kusoma anwani iliyoandikwa juu yake, kisha kuifikisha kwa mwenyewe au kuipeleka kwa seva nyingine. Haiwezi kumkataa mgeni kwa sababu tu haimjui, maadamu barua nyingi hutoka kwa wageni. Hulka hiyo ndiyo iliyoifanya programu ya aina hii kuwa shabaha ya wadukuzi tangu Intaneti ilipokuwa bado mtandao wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti.

Kosa dogo la mwandishi wa programu katika jinsi ya kusoma anwani laweza kumpa mtu wa mbali mamlaka juu ya tarakilishi nzima. Hahitaji kuiba nywila wala kumhadaa mfanyakazi afungue kiambatisho. Barua moja yaweza kutosha. Akishaingia, husoma mawasiliano ya wakuu wa shirika, huzifahamu zabuni na malipo yanayosubiriwa, na huweza kutuma ankara bandia kutoka kwa anwani halali kabisa.

Somo la kwanza lilitokea mwaka wa 1988. Wakati huo programu iliyotawala usafirishaji wa barua pepe ilikuwa Sendmail, kazi ya Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ndani yake mlikuwa na amri ya DEBUG, iliyowekwa ili kuwasaidia mafundi kufanya majaribio, na katika tarakilishi nyingi amri hiyo iliachwa wazi. Mnamo Novemba 2, 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia programu yenye kujisambaza yenyewe iliyoutumia mlango huo pamoja na njia nyingine. Inakadiriwa kuwa tarakilishi 6,000 kati ya takriban 60,000 zilizokuwa mtandaoni ziliathirika. Kuufunga mlango wenyewe hakukuwa kazi kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba taasisi nyingi zilikwisha kujikata kutoka kwa mtandao kwa hofu, na maelezo ya tiba yalikuwa yakisambazwa kwa barua pepe!

Mwezi uo huo, Marekani ilianzisha katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kituo cha kuratibu habari za dosari kama hizo, CERT. Mataifa mengine yaliiga mfano huo. Hapa Kenya jukumu hilo liko mikononi mwa KE-CIRT/CC, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Waandishi wengine wa programu waliona kwamba kuziba tundu moja baada ya jingine hakutoshi, bali nyumba yenyewe yafaa kujengwa upya. Wietse Venema, akiwa katika kampuni ya IBM, alitoa Postfix mwaka wa 1998. Badala ya programu moja kubwa yenye mamlaka yote, aliigawa kazi miongoni mwa programu ndogo ndogo zisizoaminiana, ili mwizi anayefaulu kuingia sebuleni asijikute amefika chumbani. Daniel J. Bernstein aliunda qmail kwa falsafa iyo hiyo, na mwaka wa 1997 akaahidi dola 500 kwa mtu wa kwanza atakayegundua dosari ya usalama ndani yake. Mwaka wa 2005 mtafiti Georgi Guninski alionyesha kasoro kadhaa, lakini Bernstein akashikilia kwamba haziwezi kutumiwa kushambulia, kwani qmail kwa kawaida hupimiwa kiasi cha kumbukumbu ambacho hairuhusiwi kukipita. Mwaka wa 2020 kampuni ya Qualys ilithibitisha kwamba mojawapo ya kasoro hizo yaweza kutumiwa, kwa kuwa kipimo hicho hakikuwa kimewekewa kila sehemu ya programu hiyo. Miaka 15 ilikuwa imepita.

Sendmail nayo ilirejea katika vichwa vya habari mnamo Machi 3, 2003. Wataalamu wa kampuni ya ISS walikuwa wamegundua kosa katika sehemu inayosoma anwani za mtumaji na mpokeaji: programu ilikuwa na utaratibu wa kukagua iwapo nafasi iliyotengewa anwani imejaa, lakini ukaguzi wenyewe ulikuwa na kasoro. Jambo la kuogofya zaidi ni kwamba shambulio lilisafiri ndani ya barua yenyewe. Seva ya mbele isiyo na dosari ingeipokea na kuipitisha kwa utiifu hadi kwa seva dhaifu iliyofichwa ndani ya shirika, nyuma ya vizuizi vyote.

Kampuni zinazouza mifumo inayotumia Sendmail ziliarifiwa mapema kwa siri, zikatayarisha viraka, na habari ikatangazwa pamoja na tiba yake, yaani toleo la 8.12.8. Utaratibu huo ungali ndio kawaida hadi leo, na una upande wake mchungu. Kiraka kinapotolewa, mdukuzi hukilinganisha na programu ya zamani na kuona ni mstari upi uliobadilishwa. Kwa maneno mengine, dawa humwonyesha mahali penye kidonda. Kuanzia saa hiyo, mbio ni kati yake na kila fundi ambaye hajakitumia. Na fundi mwenyewe hapati nafasi ya kuvuta pumzi: Machi 29 mwaka huo huo, Sendmail ilitoa toleo la 8.12.9 kuziba dosari nyingine, iliyogunduliwa na Michal Zalewski.

Kisa cha Exim kilichukua mkondo tofauti. Programu hii, iliyoanzishwa na Philip Hazel katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka wa 1995, hutumiwa na kampuni nyingi za kukodisha nafasi za wavuti, zikiwemo za Afrika Mashariki, kwa kuwa huja pamoja na mfumo wa cPanel. Mwezi Mei 2019, Qualys iligundua kwamba matoleo ya 4.87 hadi 4.91 yangeweza kulaghaiwa yatekeleze amri iliyofichwa ndani ya anwani ya mpokeaji, tena kwa mamlaka ya juu kabisa ya seva. Ajabu ni kwamba toleo la 4.92, lililotoka Februari mwaka huo, halikuwa na dosari hiyo. Kosa lilikuwa limerekebishwa bila mtu kutambua kwamba lilihusu usalama. Kwa hivyo hakuna tahadhari iliyotolewa, na mafundi wasioona haja ya toleo jipya waliendelea na la zamani.

Kwa seva yenye mipangilio ya kawaida, mshambulizi wa mbali alihitaji subira ya kipekee: kuyashikilia mawasiliano kwa siku saba, akituma herufi moja kila baada ya dakika chache. Ambako mipangilio ilikuwa imebadilishwa, kazi ilikuwa rahisi zaidi. Tangazo lilitolewa Juni 5, 2019, na kabla ya siku kumi kwisha mashambulizi yalikuwa yameanza. Mwezi Mei 2020, Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilionya kwamba wadukuzi wa idara ya ujasusi wa kijeshi ya Urusi walikuwa wakiitumia dosari hiyo tangu Agosti 2019. Walikuwa wakizishambulia seva ambazo tiba yake ilikuwa inapatikana bure.

Hapa pana utata unaowakanganya hata mafundi wazoefu. Wasambazaji wa mifumo kama Debian aghalabu hawaleti toleo jipya, bali huchukua marekebisho na kuyapachika katika la zamani. Seva inayojitambulisha kuwa na Exim 4.89 yaweza kuwa imezibwa barabara, na nyingine yenye nambari iyo hiyo ikawa wazi. Nambari ya toleo peke yake si ushahidi. Sharti kutazama orodha ya marekebisho ya kifurushi chenyewe.

Dosari za Microsoft Exchange za mwaka wa 2021 zilidhihirisha jambo jingine: kiraka hufunga mlango, lakini hakimtoi aliyekwisha kuingia. Microsoft ilitoa viraka Machi 2, ikasema kundi iliyolipa jina Hafnium, ambalo iliamini hufanya kazi kutoka China, lilikuwa tayari likizishambulia seva. China ilikana kuhusika. Wavamizi walikuwa wakiacha ndani ya seva faili ndogo za siri za kuwawezesha kurudi wapendapo. Siku chache baadaye, kampuni ya ESET ilihesabu zaidi ya seva 5,000 zenye faili hizo katika mataifa 115. Aprili mwaka huo, shirika la FBI lilipata kibali cha mahakama kuzifuta kutoka kwa mamia ya tarakilishi nchini Marekani, ilhali halikuziwekea seva hizo viraka. Kazi hiyo iliachiwa wenyewe.

Hata kukiweka kiraka hicho kulihitaji uangalifu. Fundi aliyekibofya bila kutumia mamlaka ya msimamizi aliona kazi ikikamilika bila onyo lolote, kumbe baadhi ya faili hazikubadilishwa. Waliokuwa wakitumia matoleo yaliyopitwa na wakati nao hawangeweza kukitumia moja kwa moja. Baadhi ya mifumo waliyokuwa wakiilinda imekwisha kuachwa: msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Exchange 2016 na 2019 ulikoma Oktoba 14, 2025.

Kwa shirika la Kenya, swali la nani aliingia na alichukua nini si la fundi peke yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yalitaka shirika limwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu lilipofahamu kwamba data za watu zimefikiwa bila idhini na huenda wakadhurika. Ili kutoa jibu la maana, fundi huhitaji kumbukumbu za seva za kabla ya kiraka kuwekwa: nani aliwasiliana nayo, faili zipi ziliundwa, na lini. Aghalabu seva hupangiwa kuzifuta kumbukumbu hizo baada ya wiki chache ili kuokoa nafasi.