Kufunga Kambi Si Kumaliza Ukimbizi: Funzo kutoka Historia ya Kenya

Mtu aliyefukuzwa kwake bila kuvuka mpaka wa nchi huitwa mkimbizi wa ndani. Mlinzi wake wa kwanza ni serikali yake mwenyewe. Je, ni lini twaweza kusema kwamba ukimbizi wake umekwisha? Historia ya Kenya yatusaidia kujibu.

Mapigano yaliyozuka katika Bonde la Ufa mwaka 1991 yalichochewa na siasa za vyama vingi, lakini mizizi yake ilikuwa katika ardhi. Mwaka 1993 serikali na Umoja wa Mataifa walianzisha mpango wa kuwarejesha waliofukuzwa. Mwaka huo huo watu waliofukuzwa Enoosupukia, wilayani Narok, walikimbilia Maela, karibu na Naivasha. Katika siku za Krismasi ya 1994, polisi na maofisa wa utawala waliivamia kambi hiyo usiku, wakawapakia watu katika malori na kuwatupa Mkoa wa Kati, wengine katika uwanja wa michezo wa Kirigiti. Kambi ilifungwa, wala swali la ardhi halikujibiwa.

Swali hilo lilirudi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na zaidi ya 600,000 wakayahama makao yao. Mei 2008 ikaanza Operesheni Rudi Nyumbani. Kila kaya iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Wengi walitoka katika kambi kubwa wakaingia katika mahema madogo karibu na mashamba yao, kwa kuwaogopa majirani. Waliohifadhiwa na jamaa, au kupanga vyumba mijini, mara nyingi hawakuhesabiwa.

Sheria iliyopitishwa Kenya mwaka 2012 yatambua njia tatu: kurudi, kukaa mahali ulipokimbilia, au kuhamia kwingine. Ubora wake hauko katika idadi ya njia, bali katika sharti kwamba mhusika achague mwenyewe kwa hiari, akiwa na habari kamili. Watu wa Maela hawakuulizwa.

Kwa hiyo twashikilia kwamba ukimbizi haukomi hema linapong'olewa. Hukoma mtu anapolala bila hofu, anapolima ardhi ambayo haki yake juu yake haibishwi, na anaposikilizwa mahakamani sawa na jirani yake. Kanisa, ambalo mara nyingi huwapokea watu hawa kabla ya wengine, lisiridhike kugawa unga na mablanketi. Litunze majina yao, na kuendelea kuuliza habari zao hata baada ya malori kuondoka.