Umeme wa Msongo Mkubwa Ndani ya Mashine za Leza: Mambo ya Kufahamu kwa Mafundi na Wananchi wa Nachingwea na Ruangwa

Mashine ya leza inayotumia taa inaweza kumuua fundi dakika kadhaa, na wakati mwingine siku kadhaa, baada ya kuchomolewa kwenye soketi. Umeme unaosababisha hatari hiyo umehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, katika kapasita za chanzo chake cha msongo mkubwa. Makala haya yanaeleza namna chanzo hicho kinavyojengwa, sababu za kuharibika kwake, na utaratibu unaopaswa kufuatwa kabla ya mkono wa fundi kuingia ndani.

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko Malibu, Marekani, tarehe 16 Mei 1960, kwa kuimulika fimbo ya yakuti nyekundu, ambayo wachimbaji wa vito huiita rubi, kwa taa ya flashi. Mashine nyingi zinazofanya kazi leo kwa mtindo huo hutumia fuwele ya YAG yenye neodimiamu. Kwa wakazi wa Nachingwea na Ruangwa, matumizi yenye uzito zaidi ni ya tiba ya macho. Baadhi ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hupata ukungu tena, baada ya miezi au miaka, kwenye utando ulio nyuma ya lenzi ya bandia. Leza ya YAG hufungua utando huo kwa dakika chache bila kisu. Huduma hiyo hupatikana kwa rufaa katika hospitali zenye wataalamu na vifaa vya macho, na mashine inaponyamaza katika hospitali ya karibu, mgonjwa asiyeona vema huweza kulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam.

Chanzo cha umeme cha leza ya aina hii kina kazi tatu. Kwanza, hupandisha umeme wa kawaida wa voti 230 hadi mamia ya voti au zaidi ya voti 1,000, kwa transfoma na daiodi au, katika mashine mpya, kwa saketi inayowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Pili, huujaza umeme huo katika kapasita. Tatu, hutoa mshtuo mfupi wa kilovoti 10 au zaidi unaoipasulia njia gesi ya zenoni ndani ya taa. Njia ikishafunguka, kapasita humwaga umeme wake wote kupitia taa kwa muda ulio chini ya elfu moja ya sekunde au unaoizidi kidogo. Koili inayowekwa kati ya kapasita na taa ndiyo inayopanga urefu wa mwako. Bila koili sahihi, taa hupigwa kwa nguvu kubwa mno na maisha yake hufupika.

Hesabu ndogo itasaidia kuonyesha uzito wa jambo hili. Kapasita ya maikrofaradi 100 iliyojazwa hadi voti 1,000 hubeba jouli 50, kiasi kinachoweza kuua kikipita kifuani. Wajenzi huweka rezista ya kumwagia chaji sambamba na kapasita. Rezista ya kiloomu 100 hushusha voti hizo 1,000 hadi takriban voti 7 kwa sekunde 50. Lakini rezista hiyo ikikatika, hakuna taa wala kengele inayotoa taarifa: mashine huendelea kufanya kazi kama kawaida, na chaji hubaki baada ya kuzimwa. Hapo ndipo mafundi wazoefu huumia, kwa kuwa wamezoea kusubiri dakika moja na kuendelea.

Kwa hiyo kusubiri pekee hakutoshi. Fundi anapaswa kuchomoa waya wa umeme, kusubiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, kisha kupima kwa mita iliyothibitishwa kuhimili msongo huo, akitumia mkono mmoja na asiwe peke yake chumbani. Chaji iliyobaki imwagwe kwa fimbo yenye rezista na mpini wa kuhami, kisha ipimwe tena. Desturi ya kugusisha ncha za kapasita kwa bisibisi iachwe kabisa: mkondo wake hufika mamia ya ampea au zaidi, huyeyusha chuma na kuharibu kapasita. Baada ya kumwaga, ncha zifungwe pamoja kwa waya, kwa sababu kapasita kubwa hurejesha sehemu ya msongo wake yenyewe hata ikiwa imekaa rafuni.

Kuhusu chanzo cha hitilafu, mazingira ya wilaya hizi yanahitaji kuzingatiwa. Kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara ilipata umeme nje ya Gridi ya Taifa, kutoka mitambo ya Mtwara inayotumia gesi ya Mnazi Bay, na umeme huo hufika Nachingwea na Ruangwa kwa njia ndefu za usambazaji za kilovoti 33. Mwishoni mwa njia ndefu, msongo hushuka matumizi yanapozidi, na hupanda ghafla umeme unaporejea baada ya kukatika. Radi za masika huongeza adha hiyo. Daiodi na swichi za kielektroniki ndizo hufa kwanza. Stabilaiza husaidia, ila ichaguliwe kwa kuzingatia kilele cha mkondo wakati kapasita zinajazwa, si wastani ulioandikwa kwenye kibandiko. Waya wa ardhi nao upimwe Septemba au Oktoba, korosho zinapoanza kuokotwa na udongo ukiwa mkavu, kwani kipimo kizuri cha Machi huweza kudanganya.

Vipuri visibadilishwe kwa kukisia. Kapasita yenye uwezo mkubwa kuliko ya awali huongeza nishati ya kila mwako na huweza kuipasua taa ya kwatzi. Kapasita ya kawaida ya kuchujia umeme, hata yenye voti zinazolingana, huchemka haraka kwa mimwago ya aina hii. Kujenga chanzo kwa transfoma iliyotolewa kwenye oveni ya maikrowevu, jambo linalowavutia vijana wabunifu, ni hatari kupita kiasi: transfoma hiyo hutoa takriban voti 2,000 na haina kizuizi cha kutosha cha mkondo. Aidha, mwanga wa YAG wa nanomita 1,064 hauonekani kwa jicho, hivyo majaribio baada ya matengenezo yafanywe kwa miwani iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanga huo mahsusi.

Vifaa tiba vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na usalama wa mafundi kazini unasimamiwa na OSHA chini ya sheria ya mwaka 2003. Mafunzo ya uhandisi wa vifaa tiba hutolewa na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha. Vituo vyenye mashine chakavu vinashauriwa kutoziuza kama vyuma chakavu kabla kapasita hazijamwagwa chaji na kufungwa ncha. Kapasita za zamani zenye mafuta zisitobolewe wala kuchomwa moto, kwa kuwa baadhi yake zina kemikali za PCB, zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm.