Gudroni ya Bel-Air: historia ya njia zetu na matunzo yake



Katika kitabu hiki cha Yubile wengine wameandika juu ya mapadri wa kwanza, juu ya masista, juu ya kwaya na mashule. Sisi tumepewa fungu lisilo na utukufu mwingi, yaani njia. Lakini kila mtoto aliyeletwa hapa kubatizwa, kila bibi arusi na kila maiti, alipita kwanza juu ya udongo mwekundu wa mtaa huu, akafika na vumbi ao na matope kadiri ya mwezi. Jina Bel-Air ni la Kifaransa, maana yake hewa nzuri. Mwenye kuishi hapa mwezi wa tisa, motokari zinapopita na vumbi kuingia hata ndani ya sufuria, atafikiri kwamba aliyelitoa jina hilo alipita wakati wa masika tu.

Tuanze na maneno. Katika vitabu vya Tanzania na Kenya wanaandika lami. Sisi watu wa Katanga tunasema gudroni, kwa kufuata Kifaransa, na wazee wengine wanasema makadamu. Neno hili la mwisho ni jina la mtu: John Loudon McAdam, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1756 na kufa mwaka 1836. Yeye hakutumia lami hata kidogo. Alifundisha kuinua njia kupita ardhi ya kandoni, kuipa mawe madogo yaliyovunjwa na kushikana vema, na kuyaondoa maji kwa mifereji. Lami ilifuata nyuma. Mwaka 1870 mkemia Mbelgiji aliyehamia Marekani, Edward de Smedt, alitandika lami katika mji wa Newark. Na mwaka 1902 Mwingereza Edgar Hooley alipata hati ya serikali kwa ajili ya kuchanganya mawe na gudroni ya makaa. Gudroni halisi, tukisema kweli, ni ile ya makaa ya mawe; hii tunayoikanyaga leo ni sehemu nzito inayobaki petroli inapochujwa. Lakini hatutawakataza watu kuiita gudroni, kwa kuwa jina limekwisha kuota mizizi.

Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910, wakati njia ya reli kutoka kusini, iliyopita Ndola na Sakania, ilipofika hapa. Emile Wangermée alipima avenyu pana zenye kunyoka, zikikatana kama kamba za wavu, na mji ukaitwa Élisabethville mpaka mwaka 1966. Mwaka 1911 tanuru la Union Minière lilianza kuyeyusha shaba. Avenyu hizo zilikuwa udongo mtupu. Gudroni ilipokuja ilianza katikati ya mji, kwenye maduka na nyumba za Wazungu; mitaa ya Waafrika, iliyotengwa kwa kipande kitupu cha ardhi, ilibaki na udongo wake muda mrefu. Basi gudroni ilikuwa pia alama ya heshima: penye weusi wa njia palikaa mkubwa. Fikra hiyo haijatutoka. Hata leo mtu akitandika gudroni mbele ya lupango lake, majirani wanamwita tajiri kabla hawajatazama kama maji yanapita.

Tena gudroni haikuwa kitu cha hapa. Shaba inatoka chini ya miguu yetu, lakini lami inatoka ng'ambo. Bandari ya Lobito na ile ya Dar es Salaam, kila moja iko mbali nasi safari ya kilometa 2,000 hivi. Kila pipa la lami limelipiwa safari hiyo yote, na ndiyo sababu kuitupa lami juu ya msingi mbaya ni hasara kubwa kwetu kuliko kwa watu wa pwani.

Baada ya uhuru kazi ya njia ilipita katika mikono mingi. Office des Routes iliundwa mwaka 1971 kwa njia kubwa za nchi, na Office des Voiries et Drainage mwaka 1987 kwa njia za miji. Wakati wa Rais Mobutu kulikuwa na salongo, kazi ya pamoja ambayo wazee wanaikumbuka kwa sababu mbili: kwamba ililazimishwa, na kwamba mifereji ilizibuliwa. Kisha yakaja masumbuko. Gécamines, iliyotoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa chini ya 50,000 mwaka 1993. Mishahara ikakoma, na njia zikafuata mishahara. Avenyu nyingi za mji zilirudi kuwa udongo, huku vipande vya gudroni vimebaki katikati kama visiwa, na dereva akaona afadhali kupita kandoni. Katika miaka ya 2007 mpaka 2015, wakati wa gavana Moïse Katumbi, njia nyingi za Lubumbashi zilitengenezwa tena, na watu walifurahi. Tangu hapo masika mengi yamepita juu yake.

Sasa tufike kwenye kiini cha neno letu: kwa nini gudroni inakufa upesi hapa? Wengi husema ni malori. Ni kweli kwa njia kuu ya Kasumbalesa, inayobeba shaba na kobalti. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, tangu mwaka 1958 mpaka 1960, yalionyesha kwamba mzigo ukiongezwa mara mbili juu ya ekseli moja, uharibifu wa njia unazidi mara 16 hivi. Lakini ndani ya malupango yetu hakuna lori la shaba, na gudroni inapasuka vile vile.

Mwuaji ni majira ya mwaka. Lubumbashi iko juu ya uwanda wa mita 1,200 hivi kupita bahari. Mvua yetu ya mwaka, milimeta 1,200 hivi, inaanguka karibu yote kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu. Kisha inafuata kipwa, miezi mitano ao sita bila tone. Katika mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka mpaka digrii 7 ao 8, na mchana jua linawaka katika mbingu isiyo na wingu. Juu ya uwanda jua ni kali kuliko pwani, kwa sababu hewa inayolipunguza ni nyembamba. Jua na hewa vinaikausha lami, inapoteza ulaini wake. Baridi ya usiku inaivuta, joto la mchana linaitanua. Mwezi wa kumi weusi wake unapita digrii 50. Mwishoni mwa kipwa inakuwa na nyufa nyembamba kama nywele, ambazo hakuna anayezitazama. Halafu mvua ya kwanza inaanguka kwa nguvu, maji yanaingia katika nyufa, yanafika kwenye udongo mwekundu wa chini, ulio mgumu kama tofali ukiwa mkavu na laini kama uji ukilowa. Gurudumu moja linatosha. Wakati wa Noeli shimo lipo.

Kuna jambo jingine ambalo wageni kutoka Ulaya hawalijui: vichuguu. Porini kwetu kuna vichuguu vikubwa vitatu mpaka vitano katika hekta moja, vingine virefu kupita nyumba, na udongo wake ni mzuri kwa kufyatua matofali. Lakini mwenye kutengeneza njia akikata kichuguu juu tu na kuacha kitako chake chini, atakuwa na mahali panapovimba kwa mvua na kuanguka kwa kipwa. Kitako kichimbwe, pajazwe changarawe.

Juu ya kazi yenyewe, mafundi wenye uzoefu wanapatana. Msingi wa mawe yaliyovunjwa uwe na sentimeta 15 ao 20, ushindiliwe kwa matabaka. Mteremko uwe sentimeta 2 kwa kila meta, ukielekea mferejini, wala si mlangoni pa kanisa. Mchanganyiko ufike ukiwa wa moto wa digrii 150 hivi, utandikwe kwa unene wa sentimeta 5, ushindiliwe kabla haujapoa. Hapo baridi yetu ni adui tena: asubuhi ya mwezi wa saba mchanganyiko unapoa mikononi mwa fundi. Mwezi wa nane na wa tisa, jua likiwa limepanda, ndio wakati wake.

Na shimo lisijazwe matofali mabovu. Tunawaona vijana wakifanya hivyo njiani na kunyosha mkono kwa madereva. Hatuwalaumu, njaa ni njaa, lakini tofali linakuwa unga kwa juma moja. Shimo likatwe kwa pembe nne mpaka penye uzima, likaushwe, lipakwe lami kwenye kuta zake, lijazwe na kushindiliwa.

Tunasema haya yote kwa sababu ya sadaka ya Yubile. Ndugu wengi wanataka itandike gudroni mpya tangu lango mpaka mlango wa kanisa, ili wageni waione. Sisi tunatoa shauri lingine: fedha ya kwanza iende katika mfereji wa simenti wa upande wa juu, ambako maji ya avenyu yanaingia lupangoni, na fungu dogo litengwe kila mwaka kwa kuziba nyufa kabla ya mvua. Gudroni iliyopo, ijapokuwa imepauka, msingi wake ni mzima mahali pengi. Mwenye kupita na fimbo ya chuma atausikia. Mama zetu wazee wanaokuja Misa ya asubuhi hawaulizi weusi wa njia, wanauliza kama watafika bila kuanguka. Weusi mpya juu ya maji yaleyale utakaa masika mawili ao matatu.

Halmashauri ya parokia itakata shauri. Kwa sasa mfereji wa chini, upande wa miembe, umejaa udongo na majani. Utazibuliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, baada ya Misa ya asubuhi. Atakayekuja aje na jembe ao chepeo, na mwenye pipa lisilotoboka atuazime.