Misuli Kugoma: Istilahi na Kipimo Chake

Daktari anapoandika kwamba moyo au figo zimeshindwa kufanya kazi, anaeleza ugonjwa. Kwa hiyo mtafsiri wa kitabu cha mazoezi anayekutana na istilahi ya Kiingereza "muscular failure" na kuiandika "kushindwa kwa misuli" anampeleka msomaji wodini, ilhali mhusika yuko kwenye benchi la vyuma akiwa mzima kabisa. Kinachotajwa ni hatua ndani ya seti: mnyanyuaji anatia nguvu zake zote, anafuata mtindo sahihi, na bado hawezi kukamilisha rudio jingine kwa uzito alioushika.

Masharti hayo matatu hayatengani. Uzito unatajwa kwa sababu aliyekwama na kilo 60 anaweza kushushiwa hadi 45 na papo hapo akaongeza marudio kadhaa. Mtindo unatajwa kwa sababu anayeanza kuyumbisha kiuno ili dambeli ipande ameshavuka hatua yenyewe. Mikono imeacha kazi na mgongo umeirithi. Nguvu zote zinatajwa kwa sababu misuli huwaka na pumzi hukatika mapema, na wengi huweka chuma chini wakiwa bado na marudio mawili au matatu mwilini. Huyo ameacha mwenyewe. Misuli yake ilikuwa bado inakubali.

Maneno mengine mawili hupendekezwa. "Uchovu wa misuli" hautoshi, kwani uchovu huanza kujijenga tangu marudio ya mwanzo na huendelea hata baada ya seti kwisha. Tunatafuta jina la pointi moja katika safari hiyo. "Kikomo cha misuli" kiko karibu zaidi, ila kinadokeza kilele cha uwezo wa mtu, kana kwamba hakuna uzito mwingine atakaouweza siku hiyo. Mimi nachagua "kugoma". Kiswahili husema gari limegoma, kufuli limegoma, bila kuvipa vitu hivyo utashi wala kuvitangaza kuwa vimekufa. Tena wafanyakazi waliogoma hurudi kazini masharti yakilegezwa, na misuli hurudi vivyo hivyo uzito ukipunguzwa.

Wazo lenyewe lilipata kipimo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliwatibu askari waliojeruhiwa miguu katika Hospitali Kuu ya Gardiner, Chicago, kwa kuwafanya wanyanyue vyuma vizito, na mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Kipimo chake kilikuwa uzito unaonyanyulika mara 10 na usionyanyulika mara ya 11. Mgomo ulikuwa tayari ndani ya hesabu hiyo: usipoufikia, huujui uzito wako. Miaka ya 1970 Arthur Jones, aliyebuni mashine za Nautilus, aliugeuza kuwa imani nzima ya mazoezi: seti moja kwa kila zoezi, hadi misuli igome, kisha nenda nyumbani.

Kwa nini kugoma kusaidie? Elwood Henneman, mwanafiziolojia wa Marekani, alionyesha katika tafiti za mwaka 1957 na 1965 kwamba neva za mwendo huamshwa kwa mpangilio: ndogo kwanza, kubwa baadaye, kadiri kazi inavyodai. Uzito mwepesi huanza na nyuzi chache zisizochoka upesi. Hizo zikidhoofika, neva kubwa na nyuzi zake zenye nguvu nyingi huitwa kuokoa seti. Fosfati hurundikana ndani ya nyuzi, kalsiamu inayochochea mkazo hupungua, na ubongo nao hupunguza msukumo wake, mpaka nguvu inayozalishwa inakuwa ndogo kuliko uzito. Hapo chuma husimama.

Ndiyo maana vyuma vyepesi navyo hujenga mwili vikifikishwa huko. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwafundisha vijana kwa wiki 10, kila mguu kwa mpango wake: mingine kwa asilimia 30 ya uzito wao wa juu kabisa na mingine kwa asilimia 80, yote hadi misuli igome. Kwa seti tatu tatu, ukuaji wa misuli ulilingana. Nguvu ya kunyanyua uzito mkubwa mara moja iliongezeka zaidi kwa miguu iliyofanya kazi kwa asilimia 80.

Je, ni lazima kufika? Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Jozo Grgic na kuchapishwa mwaka 2022 hayakupata tofauti ya maana, kwa nguvu wala ukubwa wa misuli, kati ya waliogomesha misuli na walioishia kabla. Gharama nayo ipo: baada ya seti za mgomo, mwili huchelewa kupona, na seti zinazofuata hupungua marudio.

Hapa istilahi ya pili inahitajika: marudio ya akiba, yaani yale ambayo ungeweza kuyafanya bado unapoamua kuacha. Misuli kugoma ni akiba sifuri. Mwalimu akiandika "seti 3, akiba 2", anamwambia mwanafunzi aishie marudio mawili kabla ya mgomo. Ugumu ni kwamba anayeanza hukosea kukadiria akiba, mara nyingi kwa kujipunguzia. Basi afikie mgomo mara chache ili aujue ulipo, na aufikie kwa zoezi lisilo na hatari: mashine ya miguu, dambeli za mikono, pushapu. Akilala chini ya chuma peke yake, au akichuchumaa nacho begani bila nondo za kukidaka wala mtu wa kumpokea, mgomo unaweza kumvunja kifua au mgongo.

Kwa kamusi ya michezo ningeandika hivi. Misuli kugoma: hali ya mnyanyuaji kutoweza kukamilisha rudio jingine kwa mtindo sahihi na uzito uleule, ingawa ametia nguvu zake zote, akiba sifuri. "Kushindwa" tuwaachie madaktari, kwa sababu anayekojoa mkojo wa rangi ya kahawia baada ya mazoezi makali kupita kiasi huenda nyuzi za misuli yake zimevunjika na kutishia figo. Huyo si wa kubadilishiwa seti; ni wa kupelekwa hospitali mara moja.