Sheria Mpya na Mashauri ya Zamani

Watu wa Tabora, penye njia ya kale ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, walihamishwa kama wenzao wa mikoa mingine katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Nchini, baadhi ya waliopoteza mashamba walikimbilia mahakama. Ndipo Sheria Na. 22 ya 1992 ilipofuta haki zao za kimila bila fidia, pamoja na mashauri yaliyokuwa bado mahakamani. Baba na mwanawe wa Kambi ya Simba, mkoani Arusha, waliokwisha kurudishiwa shamba mwaka 1987, wakaipinga. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, ikabatilisha pia kifungu kilichozima mashauri hayo. Tuwarithishe watoto wetu fundisho hili: sheria mpya isimnyang'anye mtu haki ya kusikilizwa.